Jinsi ya kutumia kina cha fokasi na madoido mepesi kwenye mchoro wa mhusika

Wachoraji wengi wa dijitali wanamaliza mhusika vizuri kabisa. Uso umekaa, mikono ina mifupa, nguo ina mikunjo ya kweli, lakini picha nzima inabaki bapa. Kila kitu kinaonekana kwa ukali uleule: kope za mhusika, tofali la ukutani, jani la mnazi lililo mita thelathini nyuma yake. Jicho la mtazamaji halijui litue wapi. Dawa inayokimbiliwa ni kutia ukungu mandhari yote kwa filta moja, kuongeza mng'ao juu na kupakia mtandaoni. Hapo mhusika anaonekana kama amekatwa kwa mkasi na kubandikwa.

Msimamo wangu ni huu, na mwongozo mzima umejengwa juu yake: kila ukungu na kila doido lazima liwe na sababu ndani ya picha. Sababu hiyo inaweza kuwa umbali, taa, moshi au lenzi. Usipoweza kuitaja, lifute.

Tutafanya kazi na mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: kijana muuza juisi ya miwa, Forodhani, Unguja, jua limeshazama. Mbele kabisa kuna gurudumu la mashine ya kukamulia miwa. Nyuma ya gurudumu yupo kijana mwenyewe, kavaa kofia ya kiua, anatutazama huku mkono mmoja ukiukunja muwa ili aupitishe tena mashinani. Nyuma yake kuna moshi wa mishkaki, watu wanaopita na taa za meza za wauzaji wengine. Mwisho kabisa ni bahari na mashua zilizotia nanga.

Mimi natumia Krita, kwa sababu ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac. Majina ya menyu nitakayotaja ni ya humo. Anayetumia Photoshop, Clip Studio Paint, Procreate au hata ibisPaint kwenye simu atafuata hatua hizihizi, mradi programu yake ina leya (matabaka ya mchoro yanayopandana), modi za kuchanganya rangi na filta ya ukungu.

Kwanza elewa lenzi inafanya nini

Lenzi hulenga umbali mmoja tu. Kitu kilicho kwenye umbali huo hutoka kikali, na vilivyo mbele au nyuma yake hulainika kadiri vinavyozidi kuuacha. Ule unene wa eneo linaloonekana kali ndio kina cha fokasi. Chukua kamera ya fremu kamili yenye lenzi ya milimita 85, umpige mtu picha akiwa mita 2 kutoka kwako. Tundu la lenzi likiwa wazi sana, f/1.8, eneo kali lina unene wa sentimita 6 hivi. Ukilenga jicho, sikio limeshaanza kulainika. Libane tundu hadi f/8 na unene unafika sentimita 26 hivi, kichwa kizima kinaingia.

Lipo jambo la pili ambalo wachoraji wengi hawalijui, nalo ndilo linalobadilisha picha. Ukungu wa nyuma una kikomo: ukishafika mbali vya kutosha, mashua iliyo mita 100 na ile iliyo mita 300 zina ukungu karibu sawa. Ukungu wa mbele hauna kikomo hicho. Kadiri kitu kinavyoisogelea lenzi, ndivyo ukungu wake unavyopanda kwa kasi. Kwa hiyo gurudumu letu la mashine, lililo karibu kabisa na mtazamaji, linastahili ukungu mkubwa kuliko bahari.

Ujuzi huu ni wa kale kuliko kompyuta. Johannes Vermeer wa Uholanzi alichora mwanamke anayefuma lesi mnamo mwaka 1669 au 1670. Picha hiyo iko Louvre, Paris, na ni ndogo, takriban sentimita 24 kwa 21. Nyuzi alizozikaza mwanamke huyo vidoleni zimechorwa nyembamba na kali. Lakini nyuzi nyekundu na nyeupe zinazomwagika mbele yake, karibu zaidi nasi, zimeachwa kama michirizi laini ya rangi isiyo na uzi hata mmoja. Itafute uitazame kwa utulivu kabla hujagusa filta yoyote, kwa maana humo mna karibu kila kitu ninachokieleza hapa.

Hatua ya 1: Tenganisha leya kwa umbali

Usipange leya kwa majina ya vitu, zipange kwa umbali. Kwa picha yetu ninaweka makundi matano: gurudumu, mkono ulionyooshwa mbele, kijana, meza na watu wa nyuma, kisha bahari na anga. Mkono una kundi lake kwa sababu umemtangulia mwenyewe kwa karibu nusu mita.

Kisha fanya kazi ambayo wengi huiruka: jaza mandhari nyuma ya mhusika. Ukitia ukungu kwenye leya ambayo kijana amechorwa humohumo na mandhari, weupe wa kofia yake utavuja hewani na kumzungushia utepe mweupe kichwani. Na ukiacha tundu tupu mahali alipo, turubai nyeupe itavujia ndani vilevile. Huhitaji kuchora kila kitu nyuma yake. Vuta tu rangi za jirani ziingie chini ya mwili wake, kiasi cha upana wa kiganja chake, kabla hujatia ukungu.

Kama kompyuta yako ina nguvu, badilisha faili iwe ya biti 16 kwa kila chaneli, yaani kwa kila rangi ya msingi ya picha. Anga la magharibi lenye ukungu mwingi kwenye biti 8 hukatika likawa mistari mistari.

Hatua ya 2: Amua nini kiko kwenye fokasi

Chagua umbali mmoja. Kwa sura ya mtu, karibu kila mara ni jicho lililo karibu na mtazamaji. Kisha pitisha usawa huo kwenye picha nzima na ujiulize ni vitu gani vingine vinaugusa. Kwa kijana wetu unagusa jicho la karibu, ukingo wa mbele wa kofia, kola ya shati na ukingo wa glasi iliyo pembeni yake. Vyote hivyo lazima viwe vikali, hata kama glasi iko mbali na uso kwenye turubai.

Kosa ninaloliona sana ni ukungu wa duara: uso ni mkali, na kila kinachouzunguka kinalainika kuelekea pembeni. Lenzi haijui habari ya duara, inajua umbali. Ukuta ulio sambamba nasi una ukungu sawa kila mahali. Sakafu ni tofauti, kwa sababu inaanza mbele na kwenda nyuma. Kwa hiyo mawe yaliyo usawa wa nyayo za mhusika ni makali, na yanalainika taratibu kuja kwetu na kwenda nyuma.

Kama mhusika wako amevaa kanga na unataka jina la kanga hiyo lisomeke, basi jina liwe kwenye usawa wa fokasi. Mgeuze mwili kidogo, au sogeza pindo, mpaka maandishi yafike hapo. Kuyaacha makali huku begani palipo karibu nayo pana ukungu kutamshtua hata mtazamaji asiyejua chochote kuhusu lenzi.

Hatua ya 3: Mandhari ya nyuma, na zile taa

Weka maski ya filta ya "Gaussian Blur" (kifuniko kinachoonyesha ukungu bila kuubadilisha mchoro wenyewe) juu ya kundi la meza na watu, na nyingine juu ya bahari na anga. Maski ni bora kuliko kuichoma filta kwenye leya moja kwa moja, kwani kesho utataka kubadilisha kiwango. Kupima, ninatumia upana wa jicho la mhusika. Kama jicho lina pikseli 150, meza za nyuma naanza na pikseli 12 hadi 15, bahari naanza na 18 hadi 20. Namba hizi ni pa kuanzia, macho yako ndiyo yataamua.

Ukubwa wa mtu kwenye fremu nao unahusika. Picha ya uso na mabega inabeba ukungu mwingi. Lakini ukimchora mtu mzima kuanzia kofia hadi ndara, mtaa mzima nyuma yake, ukatia ukungu uleule, mtu huyo atageuka mwanasesere. Ubongo umezoea kuona kina kifupi namna hiyo kwenye vitu vidogo tu. Hapo punguza hadi theluthi, au uache kabisa na utumie hewa na moshi, ambavyo tutavifikia.

Sasa taa, ambazo ndizo sehemu tamu ya kazi hii. Filta ya "Gaussian Blur" huigeuza taa ikawa doa la kijivu lisilo na nguvu. Sababu yake ni kwamba weupe wa juu kabisa kwenye faili ya biti 8 ni 255, wakati taa halisi inang'aa mara nyingi sana kuliko ukuta ulio nyuma yake. Ukiusambaza ule weupe mdogo kwenye eneo kubwa, unakwisha. Tena, lenzi halisi haigeuzi taa kuwa doa la kufifia. Inaigeuza kuwa duara lenye ukingo unaoonekana.

Kwa hiyo zifute taa kwenye mandhari kabla ya kutia ukungu, kisha zichore upya kwa mkono juu yake. Fungua leya mpya kwenye modi ya "Addition". Chukua brashi ya duara yenye ukingo mgumu, rangi ya chungwa iliyoiva lakini si nyeupe, nguvu ya leya asilimia 40 hivi. Gonga mara moja kwa kila taa. Taa zilizo umbali mmoja ziwe na ukubwa mmoja. Zile za mbali zaidi zikue kidogo, lakini kumbuka kile kikomo. Acha baadhi zipandane, maana pale zinapopandana mwanga unajumlika na picha inapumua. Duara zilizo karibu na kingo za picha hubanwa zikawa na umbo la yai, urefu wake ukifuata mzunguko wa katikati ya picha. Mwishoni tia ukungu wa pikseli 1 au 2 tu, ili ule ukingo usiwe wa wembe.

Krita ina filta ya "Lens Blur" pia, ambayo inaiga umbo la tundu la lenzi. Inafaa kwa mwanga unaopenya majani au kumeta juu ya maji. Kwa taa kumi au ishirini, mkono wako unafanya vizuri zaidi.

Hatua ya 4: Gurudumu la mbele

Hapa usiogope. Tia pikseli 40, hata 50. Gurudumu likibaki kama tao kubwa la giza lenye mmeto mmoja wa chuma, limefanya kazi yake: limemfanya mtazamaji asimame upande wa mteja.

Angalizo moja la kiufundi: ondoa kufuli ya alfa kwenye leya hiyo. Ikiwa imefungwa, ukungu utakaa ndani ya umbo tu na ukingo utabaki umekatwa wembe. Kitu chenye ndani laini na nje kali hakipo duniani.

Hatua ya 5: Ukungu ndani ya mwili wa mhusika

Hatua hii ndiyo inayotenganisha kazi ya haraka na kazi ya kukaa chini, nami nakuomba uipe muda kuliko zote. Nakili kundi la kijana, lichanganye liwe leya moja, litie "Gaussian Blur" ya pikseli 4 au 5, kisha liwekee maski nyeusi ili lisionekane. Sasa kwa brashi laini na rangi nyeupe, fungua maski taratibu pale palipo mbali na usawa wa fokasi: sikio la upande wa pili, kisogo, bega la nyuma, mgongo wa shati. Jicho la mbali lipewe kidogo sana, labda asilimia 20. Mkono ulionyooshwa mbele una leya yake, na ukungu wake ni mkubwa zaidi kwenye vidole kuliko kwenye kiwiko.

Kisha rudi kwenye uso ukiwa na brashi ndogo na ufanye kinyume, yaani uongeze ukali. Kofia ya kiua ina vijitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi. Chora vitundu hivyo kwa uangalifu kwenye sehemu ya mbele tu, kama kumi na mbili hivi: kila kimoja na kivuli chake upande wa juu na mwanga kwenye uzi wa chini. Kadiri kofia inavyozunguka kwenda nyuma, vitundu viwe vidoti, kisha viwe mabadiliko ya rangi, kisha viishe. Macho ya mtazamaji yatajaza kofia nzima.

Kwenye jicho la karibu kuna mambo matatu: kivuli cha kope ya juu kinachoangukia weupe wa jicho, mstari mwembamba wa unyevu juu ya kope ya chini, na mwako wa taa kwenye mboni. Mwako huo uwe na umbo la taa iliyopo kwenye picha na ukae upande ilipo taa hiyo.

Hatua ya 6: Moshi

Kati ya kijana na meza za nyuma weka leya mpya ya kawaida. Kwa brashi kubwa laini, yenye nguvu ya asilimia 10, pitisha rangi ya moshi. Rangi hiyo ichote kutoka kwenye mandhari yenyewe, yaani chungwa hafifu karibu na taa na buluu ya jioni mbali nazo. Moshi unapandisha weusi wa nyuma, na hapohapo weusi wa nywele na macho ya kijana unaonekana mzito bila kuguswa. Kwa picha za mtu mzima nilizotaja hapo juu, leya hii peke yake hutosha kutenganisha umbali.

Usiuchore moshi kwa mikunjo mikunjo kila mahali. Mkunjo mmoja unaopita mbele ya taa unatosha.

Hatua ya 7: Mng'ao, na heshima kwa ngozi nyeusi

Mng'ao wa kawaida hutengenezwa hivi: unanakili picha yote, unaacha sehemu zenye mwanga mkali tu, unazitia ukungu mwingi, unaziweka juu kwa modi ya "Screen". Inapendeza kwenye taa. Kwenye ngozi nyeusi inaharibu. "Screen" hupandisha giza lote, na ngozi iliyokuwa na rangi nzito ya kahawa hupakwa utando wa maziwa. Inapauka. Nimeona picha nyingi nzuri za watu wetu zikifa kwenye hatua hii, na inauma, kwa sababu mchoraji alikuwa amehangaika kuipata rangi ile.

Kwa hiyo weka maski kwenye leya ya mng'ao na uifiche usoni na mikononi, isipokuwa ukingo unaogusana na taa iliyo nyuma. Nguvu ya leya isizidi asilimia 25.

Uhai wa ngozi nyeusi utafute kwenye mimeto. Kwa kuwa ngozi yenyewe inarudisha mwanga mchache uliotawanyika, mmeto wa juu yake unaonekana wazi zaidi, na unabeba rangi ya chanzo chake. Kijana wetu ana vyanzo viwili: taa za chungwa upande mmoja na anga la buluu upande wa pili. Basi mpe mmeto wa chungwa kwenye shavu na ncha ya pua, na mmeto mwembamba wa buluu kwenye paji na taya ya upande wa bahari. Pale mwanga unapogeuka kivuli, ongeza wekundu kidogo kwa modi ya "Soft Light". Ukingo wa sikio lenye taa nyuma yake nao uwe mwekundu, kwa sababu mwanga unapenya nyama.

Hatua ya 8: Alama za lenzi

Mambo haya ni madogo, nami nayapitia haraka. Mtawanyiko wa rangi pembeni: nakili picha iliyounganishwa, kwenye sifa za leya acha chaneli nyekundu peke yake, isogeze pikseli 1 au 2. Ficha katikati kwa maski, kwani kwenye lenzi kasoro hii haipo katikati na huongezeka kuelekea kingo. Giza la pembeni: leya ya "Multiply" yenye buluu nzito, si nyeusi, asilimia 15, ikifuata umbo la picha na si duara kamili.

Chembechembe, kama zile za picha za filamu, ziwe za mwisho kabisa. Jaza leya kwa kijivu cha katikati, itie filta ya kelele bila rangi, ilainishe kwa nusu pikseli, iweke modi ya "Overlay" kwa asilimia 6 hadi 8. Sehemu zilizotiwa ukungu ni laini mno zikilinganishwa na zile zenye alama za brashi, na chembechembe huzipa ngozi moja. Pia huvunja ile mistari ya anga iliyobaki.

Hatua ya 9: Kagua, kisha hifadhi

Geuza picha kushoto kulia. Kwenye Krita ni herufi M. Ipunguze hadi iwe ndogo kama inavyoonekana kwenye simu. Funika yote kwa leya nyeusi ya modi ya "Color" uone mwanga na giza bila rangi: uso bado ndio wenye tofauti kali kuliko vyote? Kisha weka madoido yote kwenye kundi moja, ulizime na kuliwasha. Likiwaka na jambo la kwanza unaloliona ni ukungu au mng'ao badala ya kijana, punguza nguvu ya kundi zima kwa robo na uangalie tena kesho asubuhi.

Hifadhi faili yenye leya zote, halafu toa nakala ya PNG. Ukilazimika kutoa JPEG, ubora usishuke chini ya asilimia 90, maana chembechembe na duara za taa ndizo za kwanza kuharibika. Na unapomtumia mteja kwa WhatsApp, itume kama hati badala ya picha. Ukiituma kama picha itabanwa, na vile vitundu vya kofia havitamfikia.